Shokapu za gari la lami: jinsi ya kuchagua zinazokufaa

Ukiingia duka la spea Gerezani pale Kariakoo, au Kirinyaga Road kwa wenzetu wa Nairobi, ukauliza shokapu, swali la kwanza ni "Za gari gani?" na la pili ni "Unataka OG," yaani zile halisi, "au za kawaida?" Huulizwi gari linapita wapi wala linabeba nini, na hayo mawili ndiyo yanayoamua. Matokeo yake mtu anayetoka Mbezi kwenda Posta na kurudi anauziwa shokapu za kupanda milima, kisha anashangaa kwa nini mgongo unamuuma.

Gari lisilotoka kwenye lami halihitaji shokapu ngumu. Linahitaji shokapu inayolingana na springi zake na uzito linaoubeba kila siku. Pesa inayookolewa hapo iende kwenye maunti (kishikio cha juu kinachofunga shokapu kwenye bodi), bushi (raba za kwenye viungo) na alaimenti (kupanga pembe za magurudumu), ambako wengi wetu tunabana.

Hatua ya 1: Hakikisha tatizo ni shokapu

Anza na upepo wa matairi. Kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva kinaonyesha kiasi alichopanga mtengenezaji. Tairi lililojazwa kupita kiasi litagonga tu, na IST iliyovalishwa rimu za inchi 17 zenye matairi ya ubavu mwembamba itagonga hata uifunge shokapu ya bei gani.

Kisha sikiliza mlio. "Ko-ko-ko" ya kwenye vishimo vidogo kwa mwendo mdogo mara nyingi ni stabilaiza linki (kiungo cha chuma kinachozuia gari kulala kwenye kona), bushi za loa ami (mkono wa chini unaoshika gurudumu) au maunti ya juu. Shokapu iliyochoka huwa haipigi kelele sana. Inaonekana kwa tabia ya gari. Ukivuka tuta, bodi inapanda na kushuka tena na tena badala ya kutulia mara moja. Ukikanyaga breki, pua inazama. Kwenye mwendo wa 80, basi likikupita, gari linaogelea. Pitisha kiganja juu ya tairi: likiwa limeliwa kwa mabaka, hapa juu pale chini, gurudumu limekuwa likirukaruka bila kushikwa.

Halafu chungulia chini. Unyevu mwembamba ulioshika vumbi karibu na sili (raba inayozuia mafuta yasitoke), pale fimbo ya shokapu inapoingilia, si ugonjwa. Mafuta yakiwa yameteremka hadi nusu ya chini ya bomba, hiyo imekwisha, usijadiliane nayo.

Kile kipimo cha kusukuma kona ya gari kwa mikono na kuhesabu linaruka mara ngapi kinakamata shokapu iliyokufa kabisa tu. Iliyochoka nusu itakudanganya, kwa sababu mikono yako haiwezi kulisukuma gari kwa kasi ambayo tuta linalisukuma. Mimi naamini zaidi kipimo cha joto: endesha dakika ishirini hivi kwenye barabara yenye matuta, simama, gusa kila shokapu kwa tahadhari. Kazi yake ni kugeuza mwendo wa springi kuwa joto, kwa hiyo ikiwa moja ni baridi na mwenzake wa upande wa pili ana moto, hiyo baridi haifanyi kazi.

Kuhusu kilomita, watengenezaji kama Monroe na KYB hutaja takribani 80,000 kama mahali pa kufikiria kubadilisha. Gari lililoshuka bandarini na 90,000 kwenye dashibodi huenda bado limevaa shokapu zake za kiwandani, kwa hiyo likague mapema, usisubiri kilomita 80,000 nyingine.

Hatua ya 2: Tazama springi na mzigo kabla ya kutoa pesa

Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea, kwa hiyo tukae kidogo.

Springi ndiyo inayobeba gari. Shokapu haibebi kitu; inazuia springi isicheze ngoma. Ndani yake kuna pistoni inayolazimisha mafuta yapite kwenye matundu na vali ndogo, na ugumu wa njia hiyo umepimwa kiwandani kulingana na nguvu ya springi. Gari likiwa limelala upande mmoja au limekaa chini nyuma, kubadilisha shokapu hakutaliinua. Unaweza kuona limepanda kidogo sana kwa sababu ya gesi ndani ya shokapu mpya, ila springi iliyolegea imebaki ileile.

Pima. Weka gari mahali tambarare bila abiria, chukua futi, pima kutoka katikati ya gurudumu kwenda juu hadi ukingo wa fenda. Fanya kote kunne na uandike. Kulia na kushoto vikitofautiana kwa sentimita moja na zaidi, chunguza springi kabla ya shokapu: imevunjika mzunguko wa chini, imelegea, au imewahi kubadilishwa upande mmoja.

Sasa mzigo. Chukua IST au Passo ya teksi ya mtandaoni Dar es Salaam: asubuhi hadi usiku ina abiria watatu au wanne, na siku hizi nyingi zina mtungi wa CNG (gesi asilia ya kuendeshea gari) nyuma. Mtungi wa chuma ni makumi ya kilo zinazokaa kwenye buti daima, hata abiria wakishuka. Nyuma inashuka, dereva anakwenda dukani kuomba "shokapu ngumu". Akifungiwa, nyuma inabaki chini vilevile, ila sasa inapiga kwenye kila tuta, kwa sababu springi imebonyea karibu na mwisho na shokapu haina nafasi ya kufanya kazi. Gari hilo linahitaji springi za nyuma zenye nguvu zaidi kidogo, na shokapu ya kawaida iliyo nzima.

Kinyume chake ni Prado iliyofungwa springi za kubebea bampa la chuma na winchi, kisha bampa likavuliwa. Mbele inabaki imesimama, ngumu, na mwenye gari anailaumu shokapu. Rudisha springi za kiwandani kwanza.

Halafu spesa, vile vipande vinavyowekwa ili kunyanyua gari. Kunyanyua gari ni desturi yetu, na kwa matuta tuliyo nayo siwezi kumlaumu mtu. Ila fahamu spesa imewekwa wapi. Ikikaa juu ya maunti ya mbele, shokapu yenyewe inabaki katika nafasi yake ya kawaida ndani ya springi. Kinachopata shida ni CV jointi (viungo vya ekseli inayozungusha gurudumu) na boli jointi (viungo vya mpira vinavyoshika gurudumu) zinazokaa kwa pembe mbaya. Ikikaa juu au chini ya springi ya nyuma, kwenye magari ambayo springi na shokapu zimetengana kama IST, shokapu inavutwa na kubaki karibu na mwisho wa urefu wake. Kila gurudumu likidondoka kwenye shimo, inafika mwisho na kugonga kwa ndani. Shokapu mpya ya urefu wa kiwandani ikifungwa hapo haitadumu. Ama utoe spesa, ama utafute shokapu ndefu zaidi kwa kiasi kilekile. Zile raba zinazobanwa katikati ya mizunguko ya springi nazo zina lao: zinaua kipande cha springi, kinachobaki kinakuwa kigumu, na shokapu uliyoinunua haijapimwa kwa springi ya namna hiyo. Kwa gari la lami, ushauri wangu ni springi sahihi, bila raba.

Hatua ya 3: Nenda dukani na namba, usiende na jina

"Shokapu za Premio" haitoshi. Fungua bonneti, soma kibati, andika kodi ya chasisi, yaani herufi na namba zinazotambulisha toleo la gari. IST ya NCP60 na ya NCP61 zinavuta kwa mbele. NCP65 inavuta magurudumu yote manne, na usidhani shokapu ya nyuma ya moja itaingia kwenye nyingine. Probox nayo ina NCP50 na NCP51 za kuvuta mbele, na NCP55 ya kuvuta kote.

Kwa Toyota, namba ya spea huanza na tarakimu tano zinazotaja kitu chenyewe. Kwa kawaida 48510 ni shokapu ya mbele kulia, 48520 ya mbele kushoto na 48530 ya nyuma. Zinazofuata baada ya kistari ndizo za gari lako hasa. Mbele kulia na kushoto hutofautiana kwa sababu ya vishikio vya bomba la breki, waya wa ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasikwame ukikanyaga breki) na stabilaiza linki. Muuzaji akikwambia "zote sawa tu, fundi atakunja", ondoka.

Kabla hujanunua, angalia kama gari lako lina mfumo usio wa kawaida. Prado 150 ya Japani ya daraja la TZ-G ina shokapu zinazoongozwa na umeme, zenye waya juu yake, na upepo badala ya springi za nyuma. Harrier ya AIRS nayo inakaa juu ya upepo. Baadhi ya Forester zina shokapu za nyuma zinazojinyanyua zenyewe zikibeba mzigo. Shokapu hiyo inasaidia kubeba gari, na ukiweka ya kawaida bila kubadilisha springi nyuma italala. Kubadilisha mifumo hii kuwa ya kawaida kunawezekana, lakini ni mradi wa pamoja na springi zake, na taa kwenye dashibodi inaweza kuwaka na kubaki hivyo.

Hatua ya 4: Chagua aina

Aina ni tatu. Ya kwanza ni ya mafuta matupu, yenye bomba mbili, moja ndani ya nyingine. Ni laini na ya bei nafuu, ila ikifanyishwa kazi mfululizo mafuta hutoka povu, na povu halishiki kitu. Ya pili ni hiyohiyo ya bomba mbili iliyoongezwa gesi ya naitrojeni kwa shinikizo dogo, takribani psi (kipimo cha shinikizo) 100 hadi 150, ili kuzuia povu. Ya tatu ni ya bomba moja: pistoni ni kubwa zaidi, gesi imetengwa na mafuta, shinikizo ni takribani psi 260 hadi 360. Hii hupoa haraka na kushika gari vizuri kwenye kasi; Bilstein walianza kuitengeneza kwa wingi mwaka 1957 kwa ajili ya Mercedes-Benz. Udhaifu wake ni kwamba pistoni inateleza moja kwa moja kwenye ukuta wa nje, kwa hiyo jiwe likibonyeza bomba, kazi imekwisha.

Kwa gari dogo la familia au la biashara linalokaa mjini, chukua ya bomba mbili yenye gesi. Sina mjadala mrefu hapo. Toyota yenyewe, KYB ya mfululizo wa Excel-G, Monroe, Sachs, zote zina za kiwango hicho. Namba za Excel-G nyingi huanza na 33 au 34. Ukiona inayoanza na 55 mkononi mwa muuzaji, huenda ni Gas-A-Just, ya bomba moja, ngumu zaidi. Si mbaya, ni kitu kingine tu.

Sababu ya kutokimbilia ngumu iko barabarani kwetu. Lami yetu ina matuta, na kabla ya vivuko vya waenda kwa miguu ina rasta. Rasta ni mapigo madogo ya harakaharaka, na shokapu yenye shinikizo kubwa inayapitisha moja kwa moja kwenye bodi, usukani na meno yako. Ugumu unaosaidia kwenye kona za kasi ya 120 haukusaidii chochote kwenye foleni ya barabara ya Morogoro.

Bomba moja ina nafasi yake: Prado au gari zito linalosafiri Dar kwenda Mbeya kila mara likiwa na mzigo, au gari la Kizungu lililotoka kiwandani nayo. Kwa Bilstein soma herufi vizuri. B4 ni ya kubadilisha ile ya kiwandani, B6 ni ngumu zaidi, B8 kwa magari madogo ni ya gari lililoshushwa kwa springi fupi. Kuweka B8 kwenye springi za kawaida kwa sababu namba ni kubwa ni kosa.

Zile za jangwani zenye chupa ya pembeni ziache. Chupa ile inaongeza mafuta na kuyapoza wakati gari linatwangwa masaa kwenye barabara ya vumbi yenye mikunjo. Kwenye lami ya kwenda Bagamoyo joto hilo halifikiwi. Tena nyingi zimepimwa kwa springi nzito na gari lililosheheni, hivyo ukiwa peke yako ndani utarushwa.

Hatua ya 5: Mbele ya kaunta

Muuzaji atakupa shokapu uisukume kwa mkono, akisema "Ona ilivyo ngumu, bosi." Hiyo haikuambii kitu. Unachokisikia kwa mkono zaidi ni shinikizo la gesi. Vivyo hivyo kasi ya fimbo kurudi yenyewe: yenye gesi inarudi, ya mafuta matupu inabaki chini ikiwa mpya kabisa, na hakuna ubaya. Unachotafuta ni mwendo laini mwanzo hadi mwisho bila mahali inapopwaya. Ikiwa imelala kwenye shelfu muda mrefu, isimamishe wima na uipampu mara kadhaa kwanza.

Kagua fimbo: iwe inang'aa bila mkwaruzo wala kutu. Welding ziwe nyoofu. Namba iwe imegongwa au kuchapwa kwenye bomba lenyewe na ilingane na ya kwenye boksi, maana boksi la jina kubwa ni rahisi kuchapisha. Nenda na shokapu yako ya zamani, au picha zenye vipimo, ulinganishe urefu ikiwa imevutwa, kimo cha sahani inayokalia springi, na mahali pa kila kishikio. Sahani ikiwa juu au chini ya ilipotakiwa, kimo cha gari kitabadilika. Na omba risiti yenye namba ya spea, siyo "shokapu pcs 2".

Mtumba wa Japani una wateja wengi, na sababu naielewa: unapata shokapu ya kiwandani pamoja na springi na maunti. Lakini mara nyingi imetoka kwenye gari la umri uleule na lako. Kama unakusudia kuuza gari karibuni, au unahitaji springi na maunti nzuri, sawa. Kama unataka kulitumia miaka, nunua mpya hata kama ni mbili mbili. Mtumba usio na kava ya vumbi, wenye fimbo yenye madoadoa ya kutu, uache hapohapo.

Kuhusu "kujaza": fundi anatoboa bomba, anamimina mafuta, anachomelea. Sili iliyovuja ni ileile, fimbo iliyokwaruzika ni ileile, na mafuta hayajulikani uzito wake. Zipo shokapu zilizoundwa zifunguliwe na kutengenezwa upya kwa vifaa vyake. Ya IST si mojawapo.

Hatua ya 6: Vitu vidogo vya kununua pamoja

Nunua kwa jozi, mbele zote mbili au nyuma zote mbili. Shokapu mpya kulia na mzee kushoto zitafanya gari lishike breki vibaya kwenye lami yenye mawimbi.

Pamoja na jozi ya mbele chukua maunti na beringi yake, raba inayopokea kishindo shokapu ikifika mwisho, na kava ya vumbi. Ukikata usukani ukiwa umesimama na kusikia springi ikilia "tang", beringi ya maunti imekwama. Kuirudisha juu ya shokapu mpya ni kulipa ufundi mara mbili. Raba ikiwa imeliwa, tuta la kwanza zito linaupeleka mshindo kwenye pistoni, na kava ikikosekana mchanga unakata sili.

Hatua ya 7: Simamia ufungaji

Springi ya mbele iliyobanwa ina nguvu ya kuua. Fundi asiye na kompresa ya springi iliyo nzima, anayetaka kutumia kamba au waya, mnyang'anye kazi kwa heshima.

Fimbo isishikwe kwa plaisi. Mkwaruzo mmoja unatosha kuanzisha kuvuja. Nati ya juu isifungwe kwa mashine ya upepo ikizungusha fimbo. Mwisho wa springi ukae kwenye kituo chake kwenye sahani. Bomba la breki na waya wa ABS virudi kwenye vishikio vyao, visiachwe vinaning'inia.

Jambo linalosahaulika zaidi: bolti zinazopita kwenye bushi za raba zikazwe mwisho kabisa, gari likiwa limekaa chini kwa magurudumu yake. Zikikazwa gari likiwa kwenye jeki, raba zinabaki zimejipinda kila siku na zinapasuka mapema.

Hatua ya 8: Wiki ya kwanza

Pima tena vile vimo vinne na ulinganishe na ulivyoandika. Fanya alaimenti baada ya kubadilisha za mbele, hata kama gari linakwenda nyoofu. Kwenye magari mengi bolti za shokapu ndizo zinazoshika pembe ya gurudumu, na milimita chache pale zinatosha kula tairi upande wa ndani bila usukani kukuambia.

Siku za mwanzo gari litaonekana gumu kidogo kuliko ulivyozoea, hasa kama ulizoea kuogelea. Baada ya kilomita mia chache, rudi kwa fundi akague bolti zote na nati ya juu. Mlio mpya ukitokea, aanze na nati hiyo, kisha linki, kisha maunti, kabla hujarudi dukani na risiti yako.